Gari Lililojua Kuamkia

Ijulikane kwa wote, walio hai na watakaozaliwa, kwamba katika mwaka wa elfu mbili na sabini na moja, gari lenye kasi kuliko magari yote yaliyowahi kuundwa na mikono ya watu wa nchi hii, fahari ya wahandisi, tishio la wapinzani, kito kisicho na pacha chini ya jua, lilikuwa limehifadhiwa kwa heshima zote zilizolistahili katika stoo ya karakana ya Sekondari ya Ufundi Mlangamoto, ambako kuku wa mpishi walikuwa wakitagia kwenye kiti chake cha nyuma.

Mayai yalikuwa manne siku hiyo ya Alhamisi. Twilumba Ngailo wa kidato cha tatu aliyatoa moja moja kupitia dirisha la nyuma lisilo na kioo, akayalaza ndani ya kofia yake ya sufu, akaendelea kufagia. Alikuwa anatumikia adhabu ya wiki mbili, saa zote za michezo, kwa kosa la kubandika tangazo kwenye ubao wa shule. Tangazo hilo, lenye saini ya Mkuu wa Shule iliyoigizwa vizuri kuliko Mkuu mwenyewe anavyoiandika, lilisema kwamba kutokana na upungufu wa ukungu unaolikabili taifa, kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza alete chupa moja iliyojaa ukungu kabla ya chai ya saa nne. Wanafunzi arobaini na watatu walipanga foleni mbele ya maabara, chupa mkononi, vizibo vimekazwa. Mmoja alileta ndoo. Huyo alikuwa anatafuta uongozi.

Twilumba hakujutia kosa. Alichojutia ni stoo yenyewe, kwa sababu vumbi lake lilikuwa la miaka kumi na sita na ufagio ulikuwa na njiti saba.

Lakini vumbi lina faida moja: halijui kutunza siri. Lilikuwa limelala kila mahali, juu ya mashine ya kuranda mbao, juu ya madawati yaliyovunjika, juu ya boneti ndefu ya gari lile jeusi lenye madigadi moja ya mbele ya rangi ya kijivu. Halikuwepo sehemu mbili tu. Kitasa cha mlango wa nyuma wa kulia kilikuwa kinang'aa. Na kiti cha nyuma, upande ule ule wa kulia ambao kuku hawakuugusa, kilikuwa safi kama kiti cha kanisani.

Kuna mtu alikuwa anakuja kukaa humu ndani. Si mbele kwenye usukani, ambako mtu yeyote mwenye akili timamu angekaa. Nyuma.

Twilumba aliegemeza ufagio. Usukani alikuwa ameuona mara moja tu maishani, kwenye kitabu cha Uraia, picha namba kumi na nne, juu ya maneno "Kifaa kilichotumiwa na wazee wetu kuuana." Magari aliyoyajua yeye yaliitwa vibebeo. Unaingia, unataja unakokwenda, unalala. Yote huenda mwendo mmoja, yamefuatana kama siafu, na hakuna aliyemo ndani anayeweza kuyaambia lolote zaidi ya kushusha kioo. Sheria ya Mwendo ndiyo ilivyotaka. Kwa hiyo alipofungua mlango wa dereva, alifanya hivyo kwa uchaji ambao hakuwahi kuuonyesha kanisani. Akakaa. Akafunga mlango.

"Shikamoo," ilisema sauti.

Twilumba aligeuka nyuma. Kuku mmoja alimtazama kwa dharau.

"Shikamoo," ilirudia ile sauti, ya upole, ikitokea kila upande.

Ieleweke kwamba katika miaka yake kumi na sita, hakuna kiumbe aliyewahi kumwamkia Twilumba Ngailo kwa hiari yake. Yeye ndiye aliyekuwa anaamkia dunia nzima: walimu, wapishi, mlinzi, hadi kaka wa mlinzi aliyekuja kutembea. Nafasi kama hii haikuwa ya kupoteza. Alivuta kidevu ndani, akatoa tumbo mbele kama mwenyekiti wa bodi.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Hujambo?"

Taa za kijani ziliwaka kwenye ubao wa mbele, mstari mmoja, kisha mwingine.

"Sijambo. Nimekutambua kuwa mkubwa wa safari hii. Mimi ni Kozi. Chaji yangu ni asilimia themanini na moja. Twende wapi?"

Chaji ilitoka kwenye paa la gari, ambalo lilikunywa mwanga uliopita kwenye bati la plastiki la stoo, kidogo kidogo, kwa miaka kumi na sita. Ufunguo ulikuwa ndiyo ile salamu. Wahandisi walitaka ufunguo usioibika, usiopotea, usiosahaulika mezani. Mmoja wao akasema: mwizi hana muda wa kuitikia salamu. Basi wakalifundisha gari kuamkia kila anayeingia, na yeyote wa kwanza kuitikia "marahaba" ndiye anakuwa mkubwa wa safari, mwenye amri. Kusajili sauti ya kila mwenye gari waliona ni kazi ya toleo la pili. Toleo la pili halikuja.

Haya yote gari lilimweleza lenyewe, kwa adabu, alipoliuliza. Kisha Twilumba akauliza swali ambalo baadaye alitamani angelimeza.

"Mara ya mwisho ulikwenda wapi?"

"Njia ya majaribio, hapa hapa Mlangamoto. Tarehe kumi na nne Julai, mwaka elfu mbili hamsini na tano. Safari haikukamilika. Unataka kusikia?"

"Nataka."

Kwanza ilisikika milango miwili ikifungwa. Kisha sauti ya gari: "Shikamoo." Kimya. Kisha mwanamke, kijana, akicheka chini chini: "Mhandisi, linakuamkia." Na mwanamume, kutoka nyuma, bila hata kufikiri, kama mtu anayejikuna: "Marahaba, marahaba."

Upepo. Mlio mwembamba wa magurudumu, ukipanda.

"Nakanyaga breki," alisema mwanamke. "Mhandisi, nakanyaga, halisikii."

"Usiliogope!" Mwanamume alikuwa anacheka kwa furaha. "Twende, twende!"

"Yoramu yuko kwenye kona na saa yake, Mhandisi, nakanyaga—"

"Twende!"

Kilichofuata hakikuwa kirefu. Mwishoni kabisa, ile sauti ya upole: "Samahani, mkubwa. Safari imekatika."

Twilumba alikaa na mikono mapajani. Mayai yalikuwa bado ndani ya kofia, kwenye kiti cha pembeni.

"Kwa nini hukusimama?" aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya mwenyekiti wa bodi. "Alikanyaga breki."

"Breki ya dereva ni ombi," lilisema gari. "Neno la mkubwa ni amri. Mkubwa alisema twende."

Sauti zote mbili alizijua. Ile ya mwanamume ilifundisha Nguvu na Mwendo kidato cha tatu, na kila ilipomaliza mada ilifuta ubao ikisema "Twende, twende." Ilikuwa ya Mwalimu Mligo, mkuu wa karakana. Ile ya mwanamke ilimwamsha Twilumba kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa kugonga kitanda kwa mswaki. Ilikuwa ya Matroni Ezelina Sapula, anayechechemea. Kitabu cha Uraia, sura ya Sheria ya Mwendo, kilimtaja kwa herufi mbili tu: "dereva mzembe, E.S., ambaye hakukanyaga breki, akamuua fundi mwenzake na kuifungua macho nchi." Nchi ilifungua macho, ikaukataza usukani. Shule nzima iliijua maana ya E.S.

*

Ijumaa Twilumba alianza kumchunguza Mwalimu Mligo, na upesi akagundua kwamba Mwalimu Mligo naye alikuwa anamchunguza yeye.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Salama, salama," alijibu Mligo, kama alivyojibu siku zote.

Miaka mitatu Twilumba alikuwa ameisikia salama ile bila kuisikiliza. Wanafunzi walikuwa na maelezo yao: kwamba Mwalimu ni wa dhehebu fulani, kwamba hapendi kuzeeka, kwamba alisoma nje. Sasa alimtazama yule mzee mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, akaelewa. Hapa palikuwa na mtu aliyeitikia mara moja vibaya, akaapa kutoitikia tena.

"Ngailo," alisema Mligo. "Stoo inaendeleaje?"

"Naifagia, Mwalimu."

"Unaifagia yote?"

"Na kuku nawafagia."

"Kuku wananung'unika siku hizi?"

"Wanadai haki zao, Mwalimu. Mayai yao yanakwenda jikoni bila risiti."

Hakucheka. Alikuwa anatazama kiganja cha Twilumba, ambacho kilikuwa na mstari mweusi, mahali ambapo ngozi chakavu ya usukani ilikuwa imeacha rangi. Twilumba alikikunja. Mligo alisubiri kidogo, kama mtu anayemngoja mwenzake aanze.

"Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja watu wa Mamlaka ya Mwendo," alisema hatimaye. "Wameliona kwenye orodha ya mali za shule. Zana ya kufundishia, namba sifuri moja moja saba. Wanakuja na mashine ya kusaga vyuma."

"Watalisaga?"

"Litatoka kama matofali. Unaweza kuendelea kufagia mpaka siku hiyo." Aligeuka, akarudi. "Usikae ndani yake, Ngailo. Viti vina viroboto."

Alasiri hiyo Twilumba alikuta mistari ya chaki nyeupe, myembamba kama uzi, imechorwa sakafuni mbele ya kila gurudumu. Gari likisogea hata kiganja kimoja, mtu atajua. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda darasani, akachukua chaki ya rangi ile ile, akaitia mfukoni.

*

Jumamosi asubuhi ni ukaguzi wa vitanda. Matroni Ezelina alipita kati ya vitanda vya bweni akivuta mguu wa kushoto, akibonyeza mashuka kwa kidole kama mtu anayepima ugali kama umeiva.

"We Ngailo, hiki ni kitanda au kichuguu?"

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Nimeuliza kitanda."

"Ni kitanda chenye mawazo, Matroni."

"Kitandue, ukitandike upya, na mawazo yake uyatie sandukuni."

Twilumba alitandua. Wenzake walikuwa wameshatoka kwenda kufua. Alianza kukunja shuka, na swali likamtoka kabla hajaliandalia sura.

"Matroni, zamani uliwahi kuendesha gari?"

Kidole cha Matroni kilisimama juu ya blanketi.

"Kitabu mmekisoma," alisema. "Ya nini kuniuliza?"

"Kitabu kinasema hukukanyaga breki."

"Ndivyo kinavyosema." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo aliwakataza wanafunzi kulifanya. "Mguu huu ndio uliovunjika. Ulivunjikia juu ya pedali, mwanangu. Madaktari walinionyesha picha. Mimi nikawaambia, tazameni, ulikuwa unakanyaga. Lakini ripoti ya mhandisi ilisema mashine ilikuwa nzima na dereva hakukanyaga, na ripoti ilikuwa na mihuri mitatu. Mguu wangu hauna mhuri." Alicheka kidogo. "Siku hizi hata mimi sijui. Ukiambiwa miaka kumi na sita kwamba hukufanya jambo, mguu nao unaanza kusahau."

"Na huyo Yoramu?"

"Mama yake anakaa hapo chini, ng'ambo ya shamba la chai. Kila mwisho wa mwezi nakwenda. Ananifungulia, ananipa kigoda, ananipa chai. Hatuzungumzi. Nikimaliza chai naondoka. Aliniambia mara moja tu, mwaka wa kwanza: 'Nitakusamehe siku utakaposema kweli.' Sasa kweli yenyewe niitoe wapi? Niliyonayo ndiyo ile niliyomwambia, na haitaki."

Maneno yote yalikuwa hapo, mdomoni mwa Twilumba, yamejipanga. Sentensi moja ingetosha. Lakini ile sentensi ingefuatwa na maswali, na maswali yangefuatwa na kufuli kwenye mlango wa stoo siku hiyo hiyo, na pengine na barua ya kufukuzwa shule. Na Twilumba alikuwa bado hajaliendesha gari lile hata mara moja. Ndani ya nchi nzima lilikuwa limebaki gari moja tu linalokwenda mtu anakotaka, na lilimwita mkubwa.

Jumamosi ijayo bado mbali, alijiambia. Nitasema Ijumaa.

"Pole, Matroni," alisema.

"Kunja hiyo ncha vizuri," alisema Matroni.

*

Jumapili, shule yote ikiwa kwenye ibada, mlango mkubwa wa stoo ulifunguka bila kelele. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameomba ruhusa ya kuumwa tumbo.

Shule ilikuwa imejengwa pale pale penye kiwanda cha zamani, na njia ya majaribio, kilomita nne za lami zilizozunguka msitu wa misonobari, siku hizi ilikuwa ya mbio za nyika, mara moja tu kwa mwaka. Mwezi wa Julai ukungu huilalia tangu asubuhi. Kozi lilipoingia ndani ya ukungu ule halikutoa sauti zaidi ya shuka linalovutwa kitandani. Kila gurudumu lilikuwa na mota yake, na mota nne zilikuwa zinasemezana mara elfu kwa sekunde zikigawana kazi, hivi kwamba mtu aliyeushika usukani kwa mara ya kwanza maishani alijiona fundi.

"Tunakwenda arobaini," lilisema gari. "Mkubwa, unaruhusiwa zaidi."

"Zaidi."

Misonobari iligeuka ukuta. Mgongo wa Twilumba ulizama kitini na tumbo lake, lile lililokuwa linauma, likabaki nyuma kama mita ishirini. Alipiga kelele. Ilikuwa kelele ya furaha tupu, na hakuna mtu aliyeisikia.

Baadaye alilirudisha mahali pake, akafuta mistari ya chaki iliyokatika, akachora mipya.

Jumatatu alikwenda tena, saa za michezo. Jumanne tena. Jumatano alifika mia na tisini kwenye kona ya pili, na aliporudi aliona kwamba mistari ya chaki aliyoichora Jumanne ilikuwa na nukta ndogo ya bluu pembeni, ambayo yeye hakuiweka. Kuna mtu alijua. Kuna mtu alikuwa anajua tangu jana na hakusema. Twilumba alisimama katikati ya stoo akigeuka huku na huku. Juu ya mashine ya kuranda mbao palikuwa na alama ya kiwiko kwenye vumbi, kama ya mtu aliyesimama hapo akitazama mahali patupu penye gari, akingoja lirudi.

Kwa nini hasemi? Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mwenye hatia angepiga kelele, angeita Mkuu, angemfukuzisha shule. Huyu aliweka nukta ya bluu. Ama alikuwa anangoja Jumamosi ifike na mashine imalize kazi, ama alikuwa anangoja kitu kingine kwa Twilumba, na hicho cha pili kilimtisha zaidi. Hata hivyo Alhamisi alikwenda tena.

Ijumaa alasiri, siku aliyojiahidi kusema, Matroni Ezelina hakuwepo bwenini. Alirudi jioni, kanga nyeusi begani, viatu vimejaa udongo mwekundu hadi juu.

"Ulikuwa wapi, Matroni?" aliuliza Odilia, aliyelala kitanda cha juu cha Twilumba.

"Mazikoni. Mama yake Yoramu amefariki juzi. Jumatano, saa zenu zile za michezo." Alivua kiatu kimoja, akakigonga ukutani. "Nilipoinama kuchukua udongo nitupie kaburini, ndugu zake wakanizuia. Wakasema mama aliacha neno: yule asitupe udongo kama hajasema kweli." Akagonga kiatu cha pili. "Basi nimekuja nao kwenye viatu. Haya, zimeni taa."

Twilumba alilala macho yamefunguka. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na neno la kuchekesha, hata la kujichekesha mwenyewe.

*

Watu wa Mamlaka walikuwa watatu, wamevaa makoti ya mvua, na mashine yao ya kusaga vyuma ilikuwa inanguruma taratibu langoni. Kozi lilikuwa limesukumwa nje hadi kwenye uwanja wa paredi. Wanafunzi walipangwa mistari kushuhudia, kwa sababu Mkuu wa Shule, Madamu Kihwele, aliamini kwamba kila jambo lina mafunzo ndani yake. Matroni alisimama mwisho wa mstari wa wasichana, mikono nyuma.

"Halijawaka tangu ajali?" aliuliza kiongozi wao, akiwa na fomu.

Mwalimu Mligo alifungua mdomo, akaufunga. Macho yake yalizunguka mistari ya wanafunzi hadi yakamfikia Twilumba, yakatulia hapo. Hayakuwa macho ya kutisha. Yalikuwa ya mtu anayeomba, na ndipo Twilumba alipoelewa zile nukta za bluu: mzee huyu hakuwa na ujasiri wa kusema, wala ujasiri wa kunyamaza, na kwa siku kadhaa alikuwa anamtegea mtoto wa kidato cha tatu amsemee.

"Mwalimu?" alisema kiongozi. "Niandike halijawaka?"

Twilumba alitoka kwenye mstari. Alisikia Odilia akisema "We, we, we," kwa sauti ndogo. Alifungua mlango wa dereva, akaingia, akashusha kioo ili kila mtu asikie, akafunga.

"Shikamoo," lilisema gari.

"Marahaba. Rekodi ya safari ya mwaka hamsini na tano. Kwa sauti kubwa."

Walisikiliza yote. Ilipofika "Nakanyaga, Mhandisi, nakanyaga," Matroni Ezelina alishika bega la mwanafunzi aliyekuwa mbele yake. Ilipofika "Twende," kiongozi wa Mamlaka alishusha kalamu. Mwalimu Mligo alikuwa ameshakaa chini, pale pale kwenye nyasi zenye umande, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

"Ni mimi," alisema, bila kuulizwa. "Aliniheshimu. Mimi mkubwa niko ndani, ataitikiaje yeye? Nikaitikia mimi. Na ripoti niliiandika mimi." Alitazama viatu vyake. "Jumapili usiku huwa nakaa humo. Linaniamkia. Sijawahi kulijibu tena."

Madamu Kihwele, ambaye kila jambo kwake lilikuwa na mafunzo, hakuyapata. Mashine ya kusaga ilizimwa na mtu.

Matroni alikuja polepole, akivuta mguu wake, akampita Mligo bila kumtazama, akasimama kwenye dirisha la gari. Macho yake yalikuwa yamelowa na yanang'aa. Aliingiza mkono akaugusa usukani kwa kidole kimoja, kama anavyobonyeza mashuka.

"Umenipa mguu wangu, mwanangu," alisema. Kisha akauliza, kwa upole, kama mtu anayetaka tu kulijua jambo lake lote: "Umeligundua lini?"

Twilumba alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Watu wote walikuwa wanamtazama kama shujaa. Ilikuwa mara ya kwanza, na ilikuwa tamu.

"Leo asubuhi, Matroni."

Wahandisi wa Kozi walikuwa watu waliochoshwa na maisha ya kungoja wenzao wanaosema "niko njiani" wakiwa bado wanaoga. Kwa hiyo walilifundisha gari lao jambo moja zaidi: kamwe lisiache kosa la saa lipite bila kusahihishwa, hata la mkubwa.

"Samahani, mkubwa," lilisema gari kwa heshima zote. "Rekodi hii ilichezwa kwa mara ya kwanza Alhamisi ya wiki iliyopita, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Tangu hapo tumesafiri mara tano."

Mkono wa Matroni ulitoka kwenye usukani.

Twilumba alitafuta utani. Alitafuta hata mdogo, kona zote za kichwa chake, mahali ambapo siku zote palikuwa pamejaa. Hapakuwa na kitu.

"Ni kweli," alisema. "Nilijua tangu ile Alhamisi. Ulipokaa kitandani kwangu nilikuwa najua tayari. Ningekuambia wangelifunga, na mimi nilitaka kuliendesha." Alishindwa kuinua kichwa, akautazama usukani. "Jumatano, saa za michezo, nilikuwa kona ya pili. Nilikuwa naenda mia na tisini. Nilikuwa nacheka, Matroni. Nilikuwa nacheka kwa sauti."